Rimoti ya geti iliyofungwa kwenye pikipiki ikigoma

Kwetu Isamilo, hapa Mwanza, barabara inapanda katikati ya majabali, na geti letu liko pale pale kwenye mteremko. Ukifika usiku, mguu wa kulia umekanyaga breki, wa kushoto unatafuta mahali pa kukanyaga, mkono mmoja umebana klachi. Kupapasa mfukoni kutafuta rimoti katika hali hiyo ni kujitafutia kuanguka. Ndiyo maana nilifunga rimoti ndani ya pikipiki yenyewe, na baadaye nikawafungia majirani kadhaa. Mmoja wao ni dada anayetoka kazini zamu ya usiku. Kwake yeye, dakika mbili za kusimama nje ya geti huku injini inaunguruma na taa inawaka ni hatari ya kweli. Rimoti yake ilipogoma mara ya kwanza alinipigia saa tano usiku akiwa nje, na sijasahau sauti yake. Mwongozo huu ni kwa ajili yake na kwa kila anayetegemea kitufe hicho kuingia kwake salama.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kufungua kichwa cha taa na kuanza kukata nyaya kabla ya kujua ni nani aliyenyamaza: pikipiki haisemi, au geti halisikii? Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inapunguza pa kutafuta.

Kwanza, jua umefungiwa nini

Pikipiki kubwa za safari zinazoagizwa kutoka Marekani au Ulaya, baadhi huja na rimoti ya kiwandani yenye vitufe vyake kwenye usukani au kwenye dashibodi. Hizo ni chache hapa Mwanza, na nitazigusa mbele kidogo. Nyingi tunazokutana nazo ni rimoti ya kawaida ya mkononi iliyotolewa kwenye ganda lake, bodi yake ikafichwa ndani ya kichwa cha taa au chini ya siti, kisha ikaunganishwa na umeme wa pikipiki. Nyingine zinaamshwa na swichi ya fulu (taa kali ya mbele), nyingine na kitufe cha peke yake. Kama hukufunga mwenyewe, mwulize fundi aliyefunga alichukua umeme kutoka waya gani. Jibu hilo moja linaweza kukuokolea nusu siku.

Anza getini, usiguse pikipiki

Chukua rimoti ya mkononi ya nyumbani, simama karibu na mota ya geti, bonyeza. Kama nayo haifanyi kitu, pikipiki haina hatia. Tazama kama umeme upo. Mota nyingi zina betri ya dharura ya volti 12, mara nyingi ya 7Ah (ampea-saa 7), na betri hiyo ikizeeka geti linakufa dakika chache tu baada ya umeme kukatika. Ukisikia "tik" ndani ya mota lakini geti halisogei, amri imefika. Tatizo ni nguvu, au geti limekwama kwenye reli kwa kokoto. Kwenye vilima vyetu mvua moja tu inashusha mchanga wa kutosha kujaza reli nzima.

Kama geti linafunguka vizuri ila linakataa kufunga, usihangaike na rimoti hata kidogo. Hilo ni jicho, yaani vile vidude viwili vinavyotazamana pande mbili za geti. Buibui hutanda hapo, na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hujaa kila penye taa, hunaswa na utando, na asubuhi jicho limezibwa. Futa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, ujaribu tena.

Kuna hali moja inayochanganya hata mafundi wazoefu. Rimoti zote zinagoma kwa pamoja: ya pikipiki, ya mkononi, wakati mwingine hata ya jirani wa ng'ambo ya barabara. Kila mtu anadhani geti limeharibika. Mara nyingi ni rimoti moja iliyoganda ikiwa inarusha mawimbi mfululizo, kama mtu anayepiga kelele mlangoni asimwache mwingine azungumze. Iliyofungwa kwenye pikipiki ndiyo mshukiwa wa kwanza, hasa kama imeunganishwa moja kwa moja na waya wa fulu na mwenye pikipiki ameacha swichi juu. Chomoa waya wa betri ya pikipiki, kisha jaribu geti kwa rimoti ya mkononi. Kama rimoti iliyofungwa ina betri yake yenyewe, sukuma pikipiki mbali mita mia mbili hivi ndipo ujaribu. Likifunguka, umempata.

Sogea karibu, kisha rudi nyuma

Rimoti ya mkononi ikifanya kazi, leta pikipiki mpaka mita moja kutoka kwenye mota, ujaribu. Ikifungua ukiwa karibu na kugoma ukiwa mbali, ruka mpaka sehemu ya umbali na kelele. Ikigoma hata ukiwa karibu, matatizo yanayowezekana yamebaki mawili makubwa: haina umeme, au namba yake ya siri haikubaliki.

Njia rahisi ya kuyatenganisha ni kile kitaa kidogo cha bodi ya rimoti. Kikiwaka kwa nguvu unapobonyeza, umeme unafika. Kisipowaka, au kikiwaka kwa unyonge na kuzima, ni umeme. Watu watakuambia ujaribu kuitazama rimoti kwa kamera ya simu. Hiyo inafaa kwa rimoti ya televisheni, ambayo inatumia mwanga usioonekana kwa macho. Rimoti ya geti inatumia mawimbi ya redio. Kamera haitakuonyesha chochote hata kama ni nzima kabisa.

Umeme: hapa ndipo wengi wanapopotea

Tafuta mita. Ya bei nafuu inatosha.

Pima betri ya pikipiki ikiwa imezimwa. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini, ipe mafuta kiasi, pima tena: tarajia 13.5 hadi 14.5. Ikipanda kupita 15, rekitifaya, yaani kidude kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, imeharibika. Badilisha hiyo kwanza, kwa sababu kila utakachofunga kitaungua, rimoti pamoja na balbu.

Sasa pima kwenye bodi ya rimoti penyewe. Rimoti nyingi za sasa zinatumia betri bapa ya CR2032, yaani volti 3. Za zamani zinatumia kale kabetri kafupi ka volti 12 kanakoitwa 23A. Tofauti hiyo ndiyo iliyoua rimoti nyingi: fundi ameona "betri", akaunganisha volti 12 za pikipiki kwenye bodi ya volti 3, ikafanya kazi siku hiyo au haikufanya kabisa. Bodi iliyopigwa hivyo huacha harufu ya kuungua na mara nyingi doa jeusi kwenye chipu. Haitengenezeki. Nunua nyingine.

Kama lazima rimoti itumie umeme wa pikipiki, weka kipunguza volti katikati, kirekebishe mpaka kitoe volti 3 ukiwa umekipima kwa mita, ndipo uunganishe bodi. Weka na fyuzi ndogo ya ampea 1 karibu na betri.

Lakini mimi nina njia ninayoipenda kuliko hiyo, na ndiyo ninayowafungia watu wangu. Iachie rimoti betri yake mwenyewe, pikipiki ifanye kazi ya kidole tu. Unachukua relei ndogo ya volti 12, yaani swichi inayojibonyeza yenyewe ikipata umeme. Kitufe cha kwenye usukani kinaiamsha relei, na miguu miwili ya relei imeunganishwa na miguu miwili ya kitufe cha rimoti. Umeme wa pikipiki haugusani kabisa na bodi. Betri bapa inadumu muda mrefu, na ikichoka unaitambua kwa mita: ikishuka chini ya 2.8, badilisha. Tangu nianze kufunga hivi sijaunguza bodi hata moja.

Kisha kuna hili la taa, ambalo lilinisumbua wiki nzima nilipokutana nalo mara ya kwanza. Rimoti ilifungua geti nikivuta mafuta, na kugoma injini ikitulia. Nilibadilisha waya, nikabadilisha bodi, wapi. Sababu ni kwamba kwenye pikipiki nyingi ndogo za kazi, taa ya mbele hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili za injini, na umeme huo unageukageuka, si ule ulionyooka wa betri. Injini ikizubaa, volti zinashuka. Ndiyo maana taa yenyewe hufifia ukisimama. Ukiunganisha rimoti au relei hapo, inatetemeka: inashika na kuachia mara nyingi kwa sekunde. Geti linapokea amri kumi badala ya moja, linafunguka na kusimama njiani.

Kupima ni rahisi. Fungua switi ya ufunguo bila kuwasha injini. Honi ikilia na indiketa zikifanya kazi lakini taa ya mbele haiwaki, usichukue umeme wa rimoti kwenye waya wa taa. Chukua kwenye waya unaolisha honi au indiketa, ule unaopata umeme wa betri switi ikifunguliwa.

Usisahau upande wa hasi. Waya wa ardhi uliofungwa kwenye boliti yenye rangi au kutu hupitisha umeme leo na kesho ukakataa. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga upya, paka grisi kidogo juu.

Namba ya siri, na kwa nini geti linataka upige mara mbili

Kitaa kinawaka, umeme ni sawa, uko mita moja, geti kimya. Hapo ni namba.

Rimoti ziko za aina mbili. Ya kwanza hutuma namba ile ile siku zote. Za zamani zina safu ya vijiswichi vidogo, mara nyingi 8, 10 au 12, na vya rimoti lazima vifanane na vya risiva, yaani kipokezi cha mawimbi kilichomo kwenye mota ya geti. Mtikisiko wa barabara ya mawe unaweza kusogeza kimoja. Linganisha na rimoti nzima, kimoja baada ya kingine, kwa ncha ya sindano.

Aina ya pili hubadilisha namba kila unapobonyeza. Ndani yake kuna hesabu inayopanda moja kila mara, na risiva ya geti inajua hesabu ya mwisho iliyoisikia. Teknolojia maarufu ya namna hii, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, na mwaka 1995 ikanunuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani. Iko ndani ya magari na mageti mengi duniani.

Sasa fikiria rimoti ya namna hiyo imeunganishwa na fulu. Unatoka Magu usiku kwa barabara ya Musoma, au unarudi kutoka Sengerema kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na njia nzima unawapigia fulu malori. Kila ukipiga, hesabu ya rimoti inapanda moja, na geti lako huku Isamilo halisikii. Katika mpangilio wa kawaida wa KeeLoq, risiva inakubali rimoti iliyotangulia hatua zisizozidi 16. Ikizidi hapo, inataka isikie namba mbili zinazofuatana ndipo iamini. Ndiyo maana ukifika nyumbani geti linakataa mara ya kwanza na kukubali ya pili. Rimoti si mbovu. Bonyeza mara mbili, ukiacha nafasi ya sekunde moja katikati, na kesho utakuta limetulia.

Dada yule wa zamu ya usiku shida yake ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa akibonyeza mara moja, akisubiri, akidhani imeharibika, anazima injini na kushuka. Siku niliyomhamishia kwenye kitufe cha peke yake, kidogo, kisichopitisha maji, karibu na kidole gumba cha kushoto, tatizo liliisha. Nawashauri wote wafanye hivyo. Fulu ibaki kazi yake ya barabarani.

Kama hata mara tatu geti halikubali, ifundishe risiva upya. Kwenye bodi ya geti kuna kitufe kidogo, mara nyingi kimeandikwa LEARN. Kibonyeze kwa muda mfupi mpaka taa yake iwake, kisha bonyeza kitufe cha pikipiki kama kawaida, mara mbili. Angalizo: kwenye bodi nyingi, kukishikilia kitufe hicho kwa muda mrefu kunafuta rimoti zote za nyumba. Soma kijitabu cha mota yako kwanza, au piga picha kifuniko chake. Maelekezo mengi hubandikwa ndani.

Na kuhusu zile rimoti za kunakili zinazouzwa barabarani, unazozikutanisha uso kwa uso na rimoti yako: zinanakili aina ya kwanza tu. Kwa namba inayobadilika zinanakili namba moja iliyokwisha kupita. Muuzaji akikuonyesha kitaa kinachomweka, usichukulie hiyo kama ushahidi. Nenda nayo mpaka getini kabla ya kulipa yote.

Pikipiki iliyokuja na rimoti yake ya kiwandani

Hapa tatizo la kawaida ni masafa. Milango ya gereji ya Marekani hutumia zaidi megahezi 300, 310, 315 na 390. Mageti mengi ya kwetu yanatumia 433.92, na baadhi ya mota zilizotengenezwa kwa soko la Afrika Kusini zinatumia 403. Rimoti isiyofikia masafa ya geti lako haitajifunza, hata ujaribu mwezi mzima. Tazama namba iliyoandikwa nyuma ya rimoti ya mkononi kabla ya kuanza.

Kama pikipiki ina mfumo wa HomeLink, yaani vitufe vya kiwandani vinavyojifunza rimoti ya geti, utaratibu ni huu: weka rimoti ya mkononi sentimita 3 hadi 8 kutoka kwenye kitufe cha pikipiki, bonyeza vyote viwili pamoja, ushikilie mpaka taa ya pikipiki ibadilike kutoka kumeta polepole hadi kumeta haraka. Kwa namba inayobadilika hiyo haitoshi: nenda kwenye bodi ya geti, bonyeza LEARN, na ndani ya sekunde 30 rudi ubonyeze kitufe cha pikipiki mara mbili au tatu. Uwe na mtu wa kukusaidia, mmoja getini na mmoja kwenye pikipiki.

Ikikataa kwa sababu ya masafa, njia rahisi ni kuongeza risiva ya pembeni kwenye mota ya geti, inayolingana na pikipiki. Mota nyingi zina mahali pa kuunganishia.

Umbali na kelele

Chuma kinakula mawimbi. Bodi iliyofichwa chini ya tanki au ndani ya kisanduku cha bati itafungua geti ukiwa umeligusa tu. Ihamishie nyuma ya kava la plastiki. Kama antena yake ni waya, kwa 433.92 urefu wake mzuri ni sentimita 17.3, ukiwa umenyooka. Usiukunje kama mpira wa uzi, wala usiufunge kwa tepu pamoja na nyaya nyingine.

Ikifanya kazi injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inawaka, na umeme umeshaupima, tazama plagi ya injini. Plagi isiyo na kizuia kelele ndani yake hurusha vurugu ya redio kila inapopiga cheche. Kwenye plagi za NGK, herufi R katika namba yake, kama BPR au CPR, inaonyesha kizuizi kimo. Balbu za LED za bei ya chini pia zina tabia hiyo, ya kwenye pikipiki na hata ile ya juu ya geti. Izime, ujaribu. Umbali ukirudi, badilisha balbu.

Maji

Mvua za Machi hadi Mei ndizo huniletea kazi nyingi, na mashine za presha za kuoshea pikipiki zinafuata. Bodi ikiingia maji, chomoa betri mara moja, usibonyeze kujaribu. Isugue kwa mswaki laini na spiriti, iache ikauke kivulini siku nzima. Ukungu wa kijani kwenye miguu ya chipu ukitoka kwa mswaki, ina nafuu. Ukiwa umeshakula njia za shaba, ni ya kubadilisha.

Ukiiziba, usitumie silikoni inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, na inakula shaba polepole. Mpira wa kusinyaa kwa joto unafaa zaidi, mdomo wake ukielekea chini ili maji yakiingia yatoke.

Ukiuza pikipiki, au ikiibiwa

Hili lifanye siku hiyo hiyo. Pikipiki iliyofungwa rimoti ni ufunguo wa nyumba yako, na kadi yake pengine ina jina lako. Ukiuza, toa bodi. Ikiibiwa, au ikilala kwa fundi usiyemfahamu na ukaingiwa na wasiwasi, futa kumbukumbu yote ya risiva kwa kushikilia kitufe chake kama kijitabu kinavyoelekeza. Kabla ya kukishikilia, kusanya rimoti zote za familia mezani, ya mama, ya watoto, ya mpangaji wa chumba cha uani, kwa sababu zote zitafutika pamoja na itabidi uzifundishe moja moja kabla giza halijaingia.